"Umefikia kwa nani?": jibu kwa mwalimu wa Morogoro anayetaka kuja Lamu peke yake

*"Shikamoo Bi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, nina miaka 26. Likizo ya Juni nataka kutoka Tanga niingie Kenya kwa basi, nikae Mombasa siku mbili, nipite Malindi, nimalizie Lamu. Niko peke yangu, maana rafiki niliyepanga naye ameahirisha. Pasipoti ninayo. Nimetenga laki nane za Tanzania, mbali na nauli ya kufika Tanga na kurudi. Nimeona kuna hosteli za wasafiri ambapo unalipia kitanda tu, lakini tangu nimalize sekondari sijalala chumba kimoja na watu nisiowajua. Kaka yangu anasema binti wa watu halali hosteli nchi ya watu. Je, ni salama? Nikiulizwa niseme nimeolewa? Na hizo hela zitatosha wiki mbili?"*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikueleze nilipokaa, ili uyapime maneno yangu. Nimezaliwa Malindi, nikafanya kazi mapokezi ya hoteli huko miaka saba, kisha nikaolewa Lamu. Sasa nina nyumba ya wageni upande wa Langoni, vyumba vinne juu na bweni moja chini lenye vitanda sita. Riziki yangu inatoka kwa wasafiri kama wewe, basi nikikuambia "njoo" jua ni mwenye duka anayekuita dukani. Ndiyo maana nyumba yangu sitaitaja hapa, wala ya jirani yangu.

Njoo. Ila kaka yako usimcheke. Kuna jambo amelishika, ingawa amelishika upande usio wake. Yeye anaogopa bweni. Mimi ninachokuogopea wewe ni Kiswahili.

Mtu wa mbali akishuka kwenye boti hapa Lamu anajua fika kwamba ni mgeni. Anauliza kila kitu mara mbili, anashika begi lake kwa mikono yote, anasoma risiti. Mtanzania hashuki hivyo. Kuanzia Lunga Lunga anasikia lugha yake, anaona wali wa nazi, anaona kanga, moyo unatulia, anajiona yuko kwao. Wageni wangu wanaopatwa na misukosuko midogo midogo mara nyingi si Wajerumani. Ni Watanzania, na watu wa Nairobi.

Kuna mwaka nilipata mgeni wa kutoka Dodoma, binti mwenye adabu zake. Mama mkwe wangu, Mwamu (mtu wa Lamu) wa kuzaliwa, alikuwa ameketi ukumbini anachambua mchele, akamwona anapita. Akamwita: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Binti akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya maji, imejaa mpaka juu. Kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Bibi akaipokea, akaiweka kando kwa heshima, akasema, "Haya, sasa ndoo uketi." Binti akageuka kwenda kutafuta ndoo ya pili.

Hiyo tulicheka. Nyingine si za kucheka. Nikikwambia uje na leso mbili utaniletea vitambaa viwili vya kufutia jasho, kumbe leso kwetu ni hiyo mnayoiita kanga. Na M-Pesa: mnayo, tunayo, jina lile lile, lakini yenu ni ya Vodacom na yetu ni ya Safaricom. Kutumiana pesa kuvuka mpaka kunawezekana, ila usimwendee wakala wa Lamu ukiwa na laini ya Tanzania ukategemea akutolee fedha kama yule wa kwenu Msamvu. Ukifika Mombasa nunua laini ya Safaricom dukani, isajiliwe kwa pasipoti yako, mbele ya macho yako. Vijana wa barabarani watakuuzia iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Iache. Siku itakapokwama na pesa zako ndani, mwenye jina ndiye mwenye haki.

Mpakani usumbufu wake ni mdogo. Wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hutakiwi kuomba kile kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza ya Kenya Januari 2024. Ukikutana na tovuti inayotaka kukuuzia, ifunge. Kinachotakiwa ni muhuri. Basi likisimama mpakani shuka, nenda dirishani kwa miguu yako, gongewa wa kutoka na wa kuingia, na kabla hujaondoka soma siku ulizopewa. Nasema hivi kwa sababu pale pana bodaboda wa njia za panya watakaokwambia foleni ni ndefu, "sisi wote ni wamoja." Ni wamoja mpaka siku askari wa kizuizini Minjila, njia ya kuja Lamu, atakapofungua pasipoti yako na kukuta haina muhuri. Kama una kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ibebe, unaweza kuulizwa wakati wa kurudi nyumbani. Kama huna na unataka, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 cheti chake ni cha maisha.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, na nitaanza na swali ambalo hukuniuliza.

Huku pwani hakuna atakayeanza kwa kukuuliza kama umeolewa. Kijana wa gatini, mzee wa barazani, askari, mama wa mahamri, kila mmoja atakuuliza: "Umefikia wapi? Umefikia kwa nani?" Usidhani ni umbea (ingawa umbea nao tunao, wa kutosha). Ni namna ya kukuweka mahali. Ukishataja nyumba na jina la mwenye nyumba, umekuwa mgeni wa fulani. Ukipotea utarudishwa kwa fulani. Kijana akikusumbua, kuna mtu atamwambia, "Mwache, huyo mgeni wa fulani." Ukishindwa kutaja, hapo ndipo wanajitokeza wa kujitolea kuwa wenyeji wako, na kwa msichana aliye peke yake matatizo mengi niliyoyaona yamepitia mlango huo.

Kwa hiyo, hosteli si hatari kwa kuwa ni hosteli. Hosteli yenye mwenyewe ni salama kuliko hoteli ya ghorofa tano ambayo hakuna anayejua umerudi au hukurudi. Unachokichagua ni mwenyeji, kitanda kinafuata. Na mwenyeji humwoni kwenye picha za machweo. Piga simu. Uliza nani hulala nyumbani usiku. Uliza mlango wa nje unafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani. Uliza kama kuna bweni la wanawake watupu, na kama kabati lina mahali pa kutia kufuli lako mwenyewe. Halafu uliza hili la mwisho, ambalo mimi nalitumia kupima nyumba za wenzangu: "Nikifika, nani atanipokea?" Anayekujibu kwa jina la mtu, huyo ni mwenyeji. Anayekujibu "utatuona kwenye ramani," shukuru, kata simu. Maoni ya waliolala hapo soma pia, lakini soma ya wanawake waliosafiri peke yao. Ya wanaosifia kifungua kinywa yaruke.

Haya niliyajua kwa kuumia. Safari yangu ya kwanza ya peke yangu nje ya nchi nilikwenda mji mmoja wa pwani, nisiutaje, nikiwa nimeshikilia nafasi ya kitanda kwa barua pepe. Basi likachelewa, nikafika saa tano usiku. Mlinzi akanitazama, begi mgongoni, akaniuliza: "Unamfuata nani?" Alidhani nimekuja kwa mgeni mmojawapo wa kiume. Nikasema mimi mwenyewe ndiye mgeni. Akacheka. Nilisimama getini karibu nusu saa, na ndani nilisikia Wazungu wanacheza karata. Mapokezi walipoamka, kitanda changu walikuwa wamempa mtu mwingine, nikalazwa kwenye benchi la ukumbini. Simu nikaichomeka kwenye umeme wa korido. Asubuhi nikakuta chaja inaning'inia ukutani peke yake. Kilichoniuma zaidi kuliko simu ni kwamba usiku kucha sikuwa na jina hata moja la kutaja.

Hilo la mlinzi nimekusimulia makusudi. Katika mabweni mengi ya huku utakuwa peke yako, au mmoja wa wawili, usiye Mzungu. Kuna atakayekudhania mfanyakazi akuombe taulo. Kuna mlinzi atakayekusimamisha wewe na kuwapitisha wenzako. Si haki, na sitakwambia uizoee. Nakwambia uifupishe: ingia mchana, nenda mapokezi wewe mwenyewe, jiandikishe, msalimie mlinzi na umwambie jina lako na siku utakazokaa. Mlinzi wa usiku akishakujua, amegeuka kuwa mtu wako. Mimi nikilala nyumba za watu, mlinzi humnunulia chai kabla sijafungua begi.

Jambo jingine la humo humo. Wageni wenzako wakigundua unajua Kiswahili utageuzwa mkalimani, kisha mpanga bei, kisha kiongozi wa msafara. Nilikuwa na binti wa Arusha hapa, siku tatu nzima anawapigia watu bei za boti na za kamba wa kula. Siku ya nne kundi likaondoka na yeye hajaona hata ngome. Saidia mara moja, kwa wema. Mara ya pili mwambie mtu achangie nauli yako.

Bweni lenyewe, sasa. Wewe umesoma sekondari ya bweni, kwa hiyo ujuzi unao kuliko hao wenzako wa Ulaya, nimewaona wakihangaika kubadilisha nguo ndani ya gunia la kulalia. Wewe una kanga. Chagua kitanda cha chini cha dabodeka, upande wa ukuta, mbali na mlango na mbali na choo. Feni inampata zaidi wa juu, ni kweli, lakini wa chini ana faida moja isiyo na mfano: kanga moja unaichomeka chini ya godoro la wa juu, inashuka kama pazia, na tayari una chumba chako. Lete kufuli dogo na lenye ufunguo wa ziada, ule wa ziada uwe kwenye soksi. Pasipoti na pesa kubwa ziingie kabatini. Pesa ya siku iwe mfukoni. Simu ilale ndani ya foronya, chini ya shavu lako, na chaji uipeleke mpaka kitandani kwa pawabenki, korido nimeshakusimulia. Anayeondoka alfajiri apange begi lake usiku. Hakuna anayechukiwa bwenini kama mtu wa mifuko ya nailoni saa kumi usiku.

Kwangu utaamshwa na punda kabla ya adhana, na adhana kabla ya jua. Pamba za masikioni ni shilingi chache, zilete.

Nikwambie pia ambalo litanipunguzia wateja. Lamu kwa Juni huenda usihitaji bweni kabisa. Hosteli za wasafiri kwa huku pwani ni nyingi zaidi Mombasa na Diani, Kilifi, Watamu na Malindi. Lamu tuna nyumba za wageni zaidi kuliko mabweni, na Juni ni kusi: bahari inachafuka, wageni ni wachache, baadhi ya hoteli za Shela zinafunga kuanzia masika. Chumba kidogo cha darini ambacho Desemba hukigusi, Juni mwenye nyumba atakupa kwa bei inayokaribia ya kitanda cha bwenini, ukikaa siku nne au tano na ukiomba kwa adabu. Bwenini lala huko njiani. Hapa chukua mlango wako. (Ukija mwaka mwingine Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, hayo yote yasahau, hata sakafu ya darini huwa imeshikiliwa.)

Tukija kwenye safari yenyewe, ukitoka Tanga unaingia Mombasa kwa upande wa kusini. Gari likikuacha Likoni, feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, usikubali kulipishwa na mtu yeyote "tiketi." Begi liweke kifuani ukiwa kwenye ule umati. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, matatu zipo siku nzima. Matatu ndiyo daladala, na bajaji huku ni tuktuk.

Malindi ni kwetu, na sitaisifia sana. Mjini watu watakuamkia kwa Kitaliano, usishangae, na kwenye ufuo vijana watakufuata wakiuza vinyago, safari, na mapenzi. "La, ahsante, nimefikia kwa watu" inatosha, huku unatembea. Nguzo ya Vasco da Gama utaiona kwa dakika 10. Usiikose Gede, magofu yaliyo kama kilomita 15 kusini, mji mzima wa mawe uliomezwa na msitu, na kima wake hawana haya, chakula usikishike mkononi. Hapo na kwenye makumbusho mengine kuna viingilio vya aina tatu: vya Mkenya, vya mtu wa Afrika Mashariki, na vya mgeni wa nje. Chako ni cha katikati. Toa pasipoti kabla hujaulizwa, la sivyo utatozwa cha juu, au utadhaniwa Mkenya na utakuta unajieleza.

Malindi kuja Lamu ni kama kilomita 220, kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe. Hapa nataka unisikilize vizuri. Panda basi la asubuhi, usiunge safari jioni. Siku moja kabla, ulizia hali ya barabara kwenye ofisi ya basi na kwa mwenyeji wako wa Lamu, wote wawili. Mwaka 2014 Mpeketoni, mji wa huku Lamu upande wa bara, ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na tulikaa miezi tukiwa na amri ya kutotoka usiku. Mambo yametulia sana tangu hapo na barabara ni ya lami, lakini usalama wa njia ile bado una siku zake, na polisi bado wanasimamisha mabasi na kukagua vitambulisho. Wakisema leo basi haliendi, lala Malindi usiku mmoja zaidi. Na upande wa msitu wa Boni hata ukialikwa usiende.

Mokowe unashuka, unaingia boti ya abiria, nauli ni shilingi mia na kitu. Mtu akikuitisha elfu, anakuuzia boti nzima. Ukikaribia gati la Lamu utaona vijana wameshajipanga. Kwa Unguja mnawaita mapapasi. Watakwambia nyumba uliyoshikilia imefungwa, imejaa, mwenyewe amefariki. Mimi nimeshafariki mara tatu kwenye gati lile. Ndiyo maana nilikwambia uulize nani atakupokea: mwenyeji wa Lamu aliye mwenyeji humtuma mtoto wa nyumba gatini akusubiri, na wewe unataja jina lake kwa sauti. Vijana watakupisha, wengine hata watakubebea begi.

Mji wenyewe, ule wa kale ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, utakupoteza. Utapotea tu, vichochoro vimebanana na ramani ya simu inazunguka kama kipofu. Angalia mtaro wa maji ulio pembeni ya kichochoro. Fuata unakoteremkia, utatokea baharini, na ukishafika mbele ya maji kila kitu kinaonekana. Ukipita penye baraza wamekaa watu, toa salamu, "Salaam aleikum," hata kama wewe ni Mkristo hakuna atakayekuhesabia. Aliyesalimia ameonekana na watu 10, na macho hayo ni ulinzi ambao hulipii. Mavazi: gauni refu au suruali pana, mabega yafunikwe, leso begani. Huhitaji buibui. Wanawake wa hapa usiwapige picha bila kuwaomba, na wakikataa usirudie ombi.

Kwenda Shela kwa miguu ni kilomita tatu hivi kando ya maji, kama dakika 45, lakini ulizia kwanza maji yanajaa saa ngapi, maana yakijaa sehemu za njia humezwa na utajikuta umeshika viatu juu ya kichwa. Ufuo wa Shela ni mrefu, kilomita nyingi za mchanga na vilima vyake. Ogelea mbele ya mji, penye watu. Kule mbali kusiko na nyumba usiende peke yako, asubuhi wala jioni. Hili hata binti yangu namwambia.

Na boti za matanga. Utaalikwa kwenda kuona magofu ya Takwa, au kuvua na kuchoma samaki upande wa Manda. Ni siku nzuri kuliko zote utakazokuwa nazo, usikose. Ila usitoke peke yako na nahodha na baharia wake, hata wakiwa wapole kama maziwa. Jiunge na kundi, au mwombe mwenyeji akuunganishe. Kabla ya kupanda, kubalianeni bei ni ya boti au ya mtu, samaki na maji vimo au havimo, na kurudi ni saa ngapi. Omba uyaone majaketi ya kuelea kwa macho yako. Nahodha akikwambia kwa kusi hii leo hatutoki nje ya mkondo, huyo ndiye wa kupanda naye.

Pesa. Kwa hesabu ya haraka gawanya kwa 20: laki nane zako ni kama shilingi 40,000 za Kenya. Kitanda cha bwenini pwani mara nyingi ni kati ya 1,000 na 2,000. Chukulia 1,500. Chakula, ukila mahamri na mbaazi asubuhi, mchana kwenye mkahawa wa wenyeji na usiku kitu cha kuchoma, weka 800 kwa siku. Nauli zote ndani ya Kenya, kwenda na kurudi, tenga 6,000. Kwa wiki mbili hiyo ni 21,000 na 11,200 na 6,000, jumla 38,200. Zinabaki 1,800. Umetosheka kwa karatasi, lakini hujaingia Gede, hujapanda boti, hujaumwa na tumbo. Fanya siku 10: ni 15,000 na 8,000 na 6,000, jumla 29,000, unabaki na 11,000. Katika hizo ondoa 5,000, zikunje, zishonee ndani ya upindo wa kanga ambayo huivai. Hizo ni za kurudi nyumbani siku lolote likitokea.

Sasa, useme umeolewa? Sitakukataza kwa sababu ya dhambi, nitakukataza kwa sababu ya kumbukumbu. Nilikuwa na mgeni aliyevaa pete ya uongo. Mvulana wa kwanza akamwambia mume yuko Nairobi. Wa pili, jioni, akamwambia mume yuko Arusha. Kufika isha, Usita wa Mui, mtaa wetu mkuu, wote ulikuwa na habari ya mwanamke mwenye waume wawili, na waliokuja kumtazama walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakimsumbua. Lamu ni mji mdogo, uongo hauna pa kulala. Ukiulizwa sema kweli, kwa ufupi: mimi ni mwalimu, niko likizo, nimefikia kwa fulani. Neno "mwalimu" lina heshima yake hapa, utashangaa. Kitakachomzuia mtu ni hilo jina la mwisho, kwa sababu mume wa Arusha hayupo na fulani yupo nyumba ya tatu.

Kaka yako, basi. Usimwambie "hosteli," kwenu hilo ni neno la chuo, na ukimwambia "gesti" ndiyo umeharibu kabisa. Mwambie jina la mwenye nyumba. Kabla ya kila mji mpe namba ya simu ya mwenyeji wa mji huo, na mkubaliane saa moja ya kila siku ya kumtumia ujumbe, tuseme saa mbili usiku. Usiku ambao hujatuma, ampigie mwenyeji kabla hajampigia mtu mwingine yeyote. Na akitaka kuzungumza na huyo mwenyeji hata kabla hujakata tiketi, mpe azungumze. Mimi hupigiwa simu na kaka za watu mara kwa mara. Huuliza maswali yale yale niliyokuandikia hapo juu, mmoja akaniuliza hata kama neti ina tundu. Nilishuka nikaikague, nikarudi kumjibu.